Nani Alipiga Pindo?

Kwanza niungame. Wiki iliyopita niliwaandikia kwamba lile bango lilishonwa kwa mkono, sindano na uzi, mtu kajikunyata kitandani anashona taratibu kama anaziba soksi. Wino haujakauka, fundi mmoja wa nguo akanipigia simu hapa gazetini.

"Mwandishi, hilo shati ulilovaa limeshonwa kwa mkono?"

"Hapana, dada."

"Sasa bango la kuzunguka tangi zima la maji ndiyo lishonwe kwa mkono? Ungekuwa mume wangu, leo ungekunywa chai ya jana."

Nimekubali. Lilishonwa kwa cherehani, tena cherehani ya kiwanda, ndani ya kiwanda chenyewe, mchana kweupe. Futeni lile kosa langu vichwani. Na msilione dogo, maana kama bango lingeshonwa kwa mkono, mama Mkasi asingekuwa amesimama pale tulipomwacha.

Tulimwacha ofisini kwa Meneja. Bango limetandazwa mezani kifudifudi, maandishi chini, mapindo juu. Mpelelezi mwenye mafua amepenga kamasi, amekunja leso, ameuliza swali lake kwa upole kabisa:

"Mama, huu mkono wa nani?"

Wewe unayeanza leo, sogea nikupe kwa mkato.

Kiwanda kinashona sare za serikali. Ukumbi wa kushonea una milango miwili, na kazi ikishaanza yote miwili inafungwa kwa nje, eti wanawake wasitoroke na vitambaa. Ukibanwa na haja, subiri. Ukizimia, zimia kimyakimya. Siku Waziri alipokuja kutembelea, alishuka kwenye gari, akainua macho, akakuta tangi la maji limevishwa bango: FUNGUENI MILANGO. Alirudi garini. Kesho yake Meneja akaletewa Mpelelezi.

Na Mkasi ndiye mkaguzi. Kila nguo inapita kwenye meza yake. Uzi unaoning'inia anaukata, ndiyo maana jina likamganda. Mkono wa kila mshonaji anaujua. Huyu anavuta kitambaa, yule anakanyaga kwa pupa, mwingine akifika mwisho wa mshono anarudi nyuma kidogo kama mtu aliyesahau kuaga. Mpe suruali, atakuambia nani aliishona na siku hiyo aligombana na nani nyumbani.

Basi alijua kabla swali halijaisha.

Ilikuwa ile pembe. Pindo limefika kwenye kona, kitambaa kimekunjwa mshazari, kikashonwa, kikarudiwa, kikashonwa tena juu yake, upepo uvume unavyotaka kisichanike. Kiwanda kizima ni watu wawili tu wanaokunja hivyo. Mmoja ni Mkasi mwenyewe, enzi alipokuwa kwenye mashine. Wa pili ni yule aliyefundishwa na Mkasi mwenyewe: Chiriku, wifi yake, mdogo wa mume wake, binti asiyeweza kunyamaza hata akiwa na pini mdomoni.

Mkasi alitafuta woga ndani yake. Hakuupata.

Msimsifu bado. Tangu siku polisi walipokuja kumchukua mume wake, kaka yake huyo huyo Chiriku, wakamtoa mezani kabla hajamaliza kula na hakurudi tena, Mkasi hajalia. Majirani walisema, mwanamke jasiri huyu. Ujasiri wapi! Alioga, akavaa, akaja kazini, akakagua nguo. Kitu ndani yake kilikuwa kimelala na hakijaamka. Ukimgusa pale, unagusa ganzi.

"Mama, nimeuliza."

"Nimesikia, afande."

"Sasa?"

"Mfuko wako wa kushoto umekaa upande," Mkasi alisema.

Meneja alifumba macho. Mpelelezi aliangalia koti lake, akauvuta mfuko, ukarudi kulekule upande.

"Koti hili mmelishona ninyi," alisema.

"Najua. Lingepita kwangu lisingetoka."

Mpelelezi alicheka. Kicheko kikageuka chafya, chafya ikageuka kikohozi, Meneja akakimbilia maji. Alipotulia, upole ulikuwa umepungua.

"Sikiliza, mama. Meneja ananiambia neno lako linatosha. Ukisema ni fulani, ni fulani. Sasa ni saa ya chai. Nenda kanywe chai yako. Kengele ikilia, urudi na jina. Ukirudi na kimya, nachukua safu nzima ya mbele. Gari ninalo, viti viko."

Safu ya mbele. Chiriku anakaa safu ya mbele.

"Sawa," alisema Mkasi, akaenda kunywa chai.

Nyuma ya ukumbi kuna stoo ya vipande, mahali pa kutupia masalio ya vitambaa. Wanawake wa kiwanda hunywea chai humo, wamekalia magunia laini kuliko viti vya Meneja. Mkasi alipoingia aliwakuta wawili: Chiriku, na Bibi Vifungo.

Bibi Vifungo ni yule mzee anayeshona vifungo na kuvihifadhi kwenye kopo. Macho yamechoka, ila mdomo una afya.

"Umemtaja nani?" Chiriku aliruka. "Wifi, umemtaja nani? Walikuuliza nini? Walikupiga? Mbona una uso huo?"

"Ndiyo uso wake huo siku zote," Bibi alisema. "Mwache anywe chai."

Mkasi alikaa, akapokea kikombe. "Wana bango," alisema. "Wanauliza mkono. Nisipotaja mtu wanabeba safu ya mbele yote."

Chiriku alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakikutoka kitu.

Mlango ukasukumwa. Katibu.

Huyu ni fundi mitambo. Mashine ikikwama anaitwa yeye, spana kiunoni, kalamu sikioni. Lakini cheo chake chenyewe hakiandikwi popote: ni katibu wa Vuguvugu pale kiwandani. Vuguvugu mnalijua, ndilo lililoshika mji mzima, linataka serikali ile iondoke, na keshokutwa limepanga mgomo ambao hata muuza maji atalala nyumbani. Wanaume wa Vuguvugu wanahutubia. Wanawake wa Vuguvugu wanawaletea chai wanaohutubia.

Katibu alijifanya anaangalia feni ya stoo. Feni ile haijazunguka tangu ifungwe.

"Nani aliwatuma?" alinong'ona kwa ukali.

"Tulijituma," Chiriku akajibu. Sauti ilikuwa imerudi.

"Bila kamati kuamua?"

"Kamati tuliiuliza, Katibu. Tukauliza tena. Mkasema mambo ya milango ni ya kina mama, yataangaliwa baada ya ushindi. Tukaona tuyaangalie wenyewe kabla haujafika, maana ushindi ukija na sisi tumefungiwa ndani tutausikia dirishani."

Bibi Vifungo alicheka ndani ya kikombe, chai ikampalia.

"Cheka, Bibi. Cheka." Katibu aliushika ukuta. "Halafu mkashindwa hata kushona ovyo! Bango ni kitambaa. Unakata, unaandika, unatundika, unakimbia. Nani alikwambia upige pindo?"

Hapo ndipo Chiriku aliinamisha kichwa. Kutukanwa angevumilia. Hili la pindo lilikuwa la kweli.

"Nilitaka kuliacha wazi," alisema polepole. "Nikaanza kuliacha wazi. Mkono ukakataa. Kitambaa kisicho na pindo, pale juu, upepo ungekichana kabla Waziri hajafika. Nikasema nipige pindo la kawaida. Nikafika kwenye kona. Katibu, kona ya kawaida pale isingeshika."

"Kwa hiyo umetuuza sote kwa sababu ya unadhifu."

"Ndiyo," Chiriku alisema. "Ndicho nilichofanya."

Msomaji wangu, mimi sijui kushona, mmeshalithibitisha hilo. Lakini namfahamu mtu aliyezoea kufanya kitu vizuri. Mwambie akifanye vibaya kwa makusudi, utamwona anatoka jasho.

Mkasi alikuwa anaangalia chai. Ilikuwa na utando juu. Aliupuliza ukaenda pembeni, ukarudi.

Katibu aliketi kwenye gunia, akawa mpole ghafla. Huo upole ndio wa kuogopa.

"Tufikiri kama watu wa Vuguvugu," alisema. "Chiriku anazijua nyumba zote tunazokutania. Na mdomo wake tunaujua. Akichukuliwa leo, kesho hatuna mtu na keshokutwa hatuna mgomo. Safu ya mbele ikichukuliwa, ni hivyo hivyo, mmoja atasema. Tunahitaji jina moja, la mtu ambaye hata akibanwa hana cha kutoa. Mtu mzima, ambaye hata wao wataona aibu kumgusa." Akakohoa. "Mama Mkasi, mtaje Bibi."

"Bibi yupi?" Bibi Vifungo aliuliza.

"Wewe, Bibi."

"Mimi?"

"Utakuwa shujaa, Bibi. Tutaliimba jina lako."

"Jina langu gani? Unalijua?"

Katibu alikuna sikio lenye kalamu. Hakulijua.

"Na kizuri zaidi," aliendelea haraka, "wewe hujui kitu."

Bibi Vifungo aliweka kikombe chini. "Sijui kitu. Kijana, hizo nyumba mnazokutania nani anazifagia mkishaondoka? Wewe ukipandwa na jazba unapiga meza unataja watu kwa majina yao na ya baba zao, nani amesimama nyuma yako na birika? Ukitafuta asiyejua kitu humu ndani, jitaje mwenyewe."

Chiriku alicheka, akajiziba mdomo.

"Miaka yote cheo changu kwenye Vuguvugu ni birika," Bibi alisema. "Leo ndiyo nimepandishwa. Nimekuwa kafara."

"Bibi, sikuwa na maana..."

"Ulikuwa nayo." Alimgeukia Mkasi, na mzaha ulikuwa umemtoka usoni. "Lakini nitaje, mwanangu."

"Bibi!" Chiriku alisimama. "Hakuna mtu anayenitajia mtu. Nakwenda mwenyewe, nawaambia mimi ndiye..."

"Kaa chini." Bibi alimkamata sketi. "Ukienda wewe, hawatakuuliza nani alishona. Watakuuliza ulishona na nani. Na utawaambia, si kwa ubaya, utawaambia kwa sababu ni wewe. Na hutarudi, kama kaka yako hakurudi. Mimi nimeshakula chumvi yangu. Nitaje, mwanangu. Ila usimpe huyu sifa kwamba ni wazo lake."

Kaka yako hakurudi.

Maneno yalianguka pale katikati. Chiriku alimtazama wifi yake, akisubiri uso ule ubadilike. Katibu aliangalia viatu vyake. Wote walingoja. Mkasi naye alingoja, kama wao, aone kama kitu kitakuja.

Hakikuja. Kengele ndiyo iliyokuja.

Alisimama, akakung'uta nyuzi kwenye gauni.

"Wifi," Chiriku alimshika mkono, "unakwenda kumtaja nani?"

"Bibi kasema nimtaje yeye."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nakwenda. Niachie mkono."

Njia ya kutoka stoo hadi ofisini inapita kando ya ukumbi, kwenye ujia mwembamba wenye ukuta uliopakwa rangi mpaka kiunoni, juu yake saruji tupu. Mkasi alitembea humo akilifanyia mazoezi lile jina. Bibi Vifungo. Afande, ni Bibi Vifungo. Huu ni mkono wa Bibi Vifungo.

Lilitoka vizuri. Lilitoka kirahisi, kama "shikamoo".

Na hicho ndicho kilichomsimamisha.

Mzee yule ndiye aliyekwenda kumkalia nyumbani wiki ile mume wake alipochukuliwa. Hakumwambia neno la faraja hata moja, alimwoshea vyombo tu. Na sasa jina lake lilikuwa mdomoni mwa Mkasi, tayari kwenda polisi, na halikuuma. Aliligeuza huku na huku. Halikuuma popote. Angeweza kulitaja hilo, akataja na jingine, akarudi mezani kwake akaendelea kukata nyuzi mpaka jioni. Ganzi aliyodhani inamlinda ingeweza kumfanya atende lolote.

Alisimama pale hadi msimamizi wa zamu akampigia kelele asizibe njia. Akaingia ofisini.

"Haya," Mpelelezi alisema, leso puani. "Jina."

"Mimi."

"Wewe nini?"

"Nimelishona mimi. Pembe ile ni yangu, muulize mtu yeyote wa zamani. Kiwandani hapa niliileta mimi."

Meneja alicheka kwa sauti. Alicheka kwa raha ya mtu aliyeona tatizo limejitatua.

"Afande, usipotezewe muda. Huyu mama hashoni. Nilimtoa mwenyewe kwenye mashine ya maturubai. Ile mashine inatetema kama gari bovu, na yeye aliikalia miaka mpaka vidole vikafa. Vimekufa kabisa. Angalia."

Alichomoa pini kwenye kimto cha pini mezani, akashika mkono wa Mkasi kama anayeshika sampuli ya kitambaa, akamchoma kidoleni.

Mkasi hakutikisika. Hakupepesa. Tone la damu lilijitokeza, likanenepa, na alichowaza yeye ni kwamba lisidondokee bango, maana damu haitoki vizuri kwenye pamba.

"Unaona?" Meneja alisema. "Hata ukimkata hasikii."

Mpelelezi aliacha kupenga kamasi. Aliangalia kidole, akaangalia uso wa mama, akaangalia kidole tena. Sijui aliona nini, lakini alisimama.

"Kusikia maumivu ni kitu kimoja," alisema, "kushona ni kingine. Twende akashone."

Ukumbini, mashine zilinyamaza moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki moja nyuma, nayo ikanyamaza. Mlango ulifungwa kwa nje kama kawaida. Safari hii Meneja na Mpelelezi nao walifungiwa humohumo ndani. Mwanamke mmoja alisema "Karibuni", na mahali fulani mtu akacheka kwa pua.

Mpelelezi, bango limekunjwa begani, alipita mbele ya safu ya kwanza akichagua mashine kama mtu anayechagua tikiti maji. Akasimama.

"Hii. Inuka, binti."

Alikuwa amesimama mbele ya Chiriku.

Chiriku aliinuka. Midomo ilikuwa imebanwa kwa nguvu mpaka imepauka. Mkasi alikaa kwenye kiti kile, kikiwa bado na joto la wifi yake. Wakampa kipande cha kitambaa cheupe.

"Nishonee kona," Mpelelezi alisema. "Kama ile."

Vidole vyake havikumwambia kitambaa kiko wapi. Basi akaviacha, akatumia macho. Aliangalia mkono wa kulia ukifika, akaangalia wa kushoto ukikunja, akavisimamia kama anavyosimamia wanagenzi. Kunja. Tena. Mshazari. Mguu ulikuwa mzima, mguu ulikumbuka kanyagio. Sindano ikashuka, ikatembea, ikafika mwisho, ikageuka, ikarudi, ikageuka.

Alikata uzi. Akampa.

Mpelelezi aliweka kipande juu ya bango. Aliinama. Akamwita Meneja ainame naye. Kona mbili zilikuwa pacha.

"Haiwezekani," Meneja alisema.

Mnong'ono ulipita ukumbini kutoka safu ya mbele hadi ya nyuma. Nilipofika hapa hata mimi nilishusha pumzi.

Na Chiriku, aliyesimama kando ya mashine, aliona wifi yake anachukuliwa kwa kosa lake. Mdomo ukashindwa kazi yake ya kukaa kimya.

"Siyo..." alianza.

Kishindo! Kopo la Bibi Vifungo lilikuwa chini, vifungo vinakimbia ukumbi mzima, chini ya mashine, chini ya viatu vya Meneja, kimoja kikazunguka zunguka mbele ya Mpelelezi kama kinamsalimu.

"Ole wangu, mikono ya uzee hii!" Bibi alilia, tayari yuko magotini. "Wewe binti mrefu, umesimama tu? Inama nisaidie!"

Akamvuta Chiriku chini kwa nguvu ambayo mikono ya uzee haina.

Mpelelezi aliwaangalia wale wawili sakafuni. Alikuwa na mafua, lakini macho yake hayakuwa na mafua. Alimgeukia Mkasi, akanyoosha mkono polepole, akashika uzi, akauchomoa kwenye sindano.

"Kona moja inaweza kuwa bahati," alisema. "Bango lina nne. Nishonee ya pili. Tunga uzi."

Mkasi alishika ncha ya uzi.

Tundu la sindano aliliona wazi. Macho yake hayana tatizo, macho ndiyo yanayomlisha. Alisogeza uzi, ukapita kando. Akaulowesha mdomoni, ukapita kando upande wa pili. Alijua uko kati ya vidole viwili kwa sababu alikuwa anauona. Alipousogeza karibu na sindano, vidole viliziba uzi, na akawa hajui tena ameshika kitu au ameshika hewa. Aliulegeza, ukaanguka. Akauokota. Ile damu ya pini ilikuwa imeupaka wekundu.

"Nimeelewa," Mpelelezi alisema, na sasa upole wake ulirudi wote. "Kona unaijua. Uzi huwezi kutunga. Kwa hiyo kuna mawili. Labda ulilishona wewe, na kuna mtu alikuwa anakutungia. Mtu huyo asimame sasa hivi, akutungie tena hapa mbele yangu. Akisimama nawachukua ninyi wawili, wengine warudi kazini, sitamgusa mtu." Alipangusa pua. "Au hakuna mtu kama huyo. Umenidanganya, na aliyeshona ni mwingine. Basi nitaanza na mwenye mashine hii."

Alimwonyesha Chiriku kwa leso.

Chiriku alikuwa bado magotini, vifungo viganjani. Bibi Vifungo alikuwa ameikanyaga sketi yake kwa goti, amemkandamiza pale pale. Bibi mwenyewe angesimama, lakini nani angemwamini? Ukumbi mzima unajua kwamba sindano zake hutungiwa na jirani yake kila asubuhi.

Mkasi aliinua uso.

Aliona safu ya mbele, wanawake aliowakagulia nguo zao, wengine aliowafundisha kushika mkasi. Mmoja alikuwa anarekebisha kitambaa cha kichwa ambacho hakikuwa na shida. Mmoja alikuwa anaihesabu mikunjo ya gauni lake. Wengine walitazama tu sindano, kama wanaosubiri ijitunge yenyewe. Siku ya kupandisha bango walikuwa wengi, wote walishika ngazi. Hakuwalaumu. Hakuwa na kitu cha kulaumia.

Karibu na mlango alisimama Katibu. Katibu ambaye kila akitengeneza mashine huitunga uzi mwenyewe kabla ya kumkabidhi mshonaji, haangalii, huku anapiga soga. Macho yao yalikutana. Katibu alitoa spana kiunoni, akaiangalia kwa makini, akageuka kukaza nati ya feni ya ukutani.

"Nangoja, mama," Mpelelezi alisema.

"Naomba mtu anitungie uzi," Mkasi alisema.

Sauti ilitoka kavu, ya mtu anayeomba kupishwa njiani. Ilifika mpaka ukuta wa nyuma, kila mmoja aliisikia. Kiti kimoja kililia mahali fulani katikati, kikanyamaza. Meneja alisogea mlangoni, tayari kugonga wafunguliwe.

Mkasi aliunyoosha mkono mbele, uzi ukining'inia kwenye vidole visivyojua kama vimeushika, akauelekeza kwa wenzake, safu ya kwanza, ya pili, mpaka nyuma kabisa.

"Jamani. Mmoja tu. Naomba mtu anitungie uzi."